Vizimba vya Ndovu kwa Jicho la Shangazi

Fomu iliniuliza kama nina uzoefu na ndovu, nikajibu ndiyo. Haikuuliza uzoefu wa aina gani. Nilikwisha kugundua kwamba mtu wa nchi za baridi akisikia Kenya, hudhani kila asubuhi tukifungua mlango tunaanza kwa kumsogeza ndovu ndipo tupite, na sikuona sababu ya kumharibia mtu raha yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa na miaka thelathini na sita, nimezaliwa Likoni nikakulia Likoni, na ndovu niliyemjua mimi ni zile pembe za bati zilizosimamishwa barabarani kule kisiwani Mombasa, ambazo hazijapata kuwa na ndovu nyuma yake.

Kabla ya hapo nilikaa mapokezi miaka tisa katika hoteli moja ya Shelly Beach, hadi wenyewe walipoifunga. Rafiki yangu wa Magogoni, aliyekuwa akifanya vibarua vya mtandaoni, ndiye aliyenitumia ile fomu. "Ni kutazama video na kutoa alama tu," aliniandikia. "Kichwa hakiumi." Kulikuwa na watu huko Ulaya waliotaka kujua ndovu wanawekwaje kwenye bustani za wanyama. Kamera zilifungwa juu ya vizimba, na sisi watazamaji, kumi na kitu tuliotawanyika pande zote za dunia, tulitazama zile video na kujaza majibu. Kuna kivuli? Kuna maji ya kuoga? Chini ni udongo au saruji? Mnyama ana wenzake? Anaonekana ametulia? Kila swali lilikuwa na alama moja hadi tano, na mwisho nafasi ya maoni.

Wiki ya kwanza nilitoa tano kila mahali. Sikuwa mvivu, niliamini hivyo. Kizimba cha kwanza kilikuwa na bwawa, na bomba lililomwaga maji kutwa bila mtu kulifunga, na bwana mmoja mwenye buti akifagia mavi kwa adabu kabisa. Mimi pale Mtongwe, kwenye vyumba vyangu viwili vya kupanga, nilikuwa nikinunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Yule ndovu alikuwa na daktari wake mwenyewe. Alikuwa na mtu wa kumkata kucha. Katika video moja aliletewa matikiti mazima, akayapasua moja moja kwa mguu kisha akala, na hapakuwa na mtu wa kumwambia asichezee chakula. Nilimpa tano, na kwenye maoni nikaandika kwamba chumba kikibaki wazi waniarifu.

Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mpole, aliyeanza kila barua kwa kuuliza hali ya hewa ya Mombasa. Aliniandikia kwamba alama zangu zilikuwa za ukarimu sana. Nikamshukuru. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba hakuwa akinisifu.

Hapo ndipo shangazi yangu alipokuja. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya mwanamume, na ana shamba lake upande wa Kwale. Umri wake ni miaka sitini na minane akiwa na furaha na sabini na miwili akiwa amekasirika. Shamba limepakana na msitu, msitu una ndovu, na tangu utoto wangu sijamsikia akimaliza salamu bila kuwataja. Walikuwa wamemlia muhogo, wamemlia migomba, wamemng'olea minazi michanga. Mwaka mmoja walijikuna kwenye ukuta wa jiko lake la udongo hadi jiko likalala chini, na sufuria zake ndani.

Safari hii alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Alipasuliwa jicho la kulia hospitalini kisiwani, tukarudi kwa feri akiwa na bandeji nyeupe usoni, na daktari akampa masharti: akae ndani, asiiname, asikaribie moshi, kisha baada ya wiki kadhaa arudi kwa jicho la pili. Shangazi hajapata kukaa kitako mchana tangu uhuru. Siku ya kwanza alikunja nguo zangu zote. Siku ya pili alizikunjua akazikunja upya kwa mtindo mwingine. Siku ya tatu alivuta kiti akaketi nyuma ya bega langu, akaikazia laptopu jicho moja.

"Hao ni nini?"

"Ni tembo, shangazi."

"Tembo hugemwa mnazini. Hao ni ndovu."

"Haya, ndovu."

"Nawe wawatazamia nini?"

Nikamweleza kazi yangu tangu mwanzo. Alisikiliza kwa makini, kisha akairudia ili ahakikishe hakusikia vibaya.

"Yaani wazungu wamewafunga ndovu, halafu wanakulipa wewe, mtoto wa ndugu yangu, uwaambie kama wamewafunga vizuri."

"Ndivyo, shangazi."

"Nawe umejuaje?"

Nilibonyeza video nyingine. Ilikuwa ya ndovu jike, peke yake, karibu na mlango wa chuma. Aliweka mguu mbele, akaurudisha nyuma, kichwa kikienda huku na huku, tena na tena. Nilikuwa nimeitazama asubuhi ile ile. Kwenye utulivu nilimpa tano, na kwenye maoni niliandika kwamba anacheza.

"Futa," shangazi alisema nilipomsomea.

"Kwani hachezi?"

"Anacheza ngoma ya nani? Nani kapiga?" Alisogea hadi bandeji ikakaribia kugusa kioo. "Mimi hawa nimewaona wakila, wakipigana, wakinyonyesha. Nimewaona wakijamba. Sijaona hata mmoja akienda mbele na nyuma hivyo, kama mtu abembelezaye mtoto asiyekuwapo. Huyu akili zishaanza kumtoka."

Tuliitazama ile video hadi mwisho, dakika ishirini nzima. Ndovu hakuacha. Bwana wa buti alipita, akafagia, akaondoka, naye hakugeuka. Niliona haya, haya ya kweli, ya kumtazama mgonjwa na kumwandikia kwamba yuko harusini. Nikafuta tano, nikaweka moja.

Kuanzia siku hiyo shangazi alikuwa hakimu, mimi karani wake. Baada ya chai ya asubuhi alijifunga leso vizuri, akaketi, akasema, "Walete." Nikawaleta. Kizimba cha saruji tupu kilimkasirisha kabla sijasoma swali. "Hapo magoti yatamwisha. Mtu wa uzito ule alale kwenye barabara?" Bwawa moja la kupendeza, lenye maji ya buluu na vigae pembeni, lilimfanya asonye. "Tope liko wapi?"

"Wamemwekea maji safi, shangazi."

"Ndovu haogi ili atakate. Anaoga ili achafuke vizuri."

Kilichomuudhi zaidi kilikuwa chakula. Katika vizimba vingi nyasi zilimwagwa fungu moja, ndovu akazila, akamaliza, akasimama. Shangazi alisubiri kitu kifuate. Hakikufuata.

"Sasa atafanya nini hadi magharibi?"

"Atapumzika."

"Apumzike na nini? Wangu mimi ana shughuli. Ataanza na muhogo, aung'oe, aukung'ute mchanga kwenye goti. Ahamie kwenye migomba. Ajaribu ua kwa mguu aone kama nimefunga waya kweli au namtisha tu. Akimaliza ndipo aende jikoni kwangu. Huyu hapa hana hata cha kuvunja."

"Kwani lazima avunje?"

"Ndovu asiyevunja kitu kutwa ni ng'ombe mwenye pua ndefu."

Fomu haikuwa na swali la kuvunja. Basi nikaanza kuandika kwenye maoni: hana cha kuvunja. Niliandika hivyo kwenye kizimba cha kwanza, cha pili, cha tisa. Alama zikashuka hadi moja na mbili, na nakiri niliona raha. Kwa miaka tisa wageni walinisomea malalamiko yao juu ya mito, juu ya kunguru, juu ya bahari kuwa na chumvi. Sasa ilikuwa zamu yangu kulalamika, tena kwa niaba ya mteja wa tani nne.

Haikuchukua muda msimamizi akaomba tuzungumze kwa video. Aliuliza kwanza hali ya hewa. Kisha akaandika kwamba katika wiki ya kwanza ndovu wote walikuwa peponi, na sasa hapana hata mmoja aliyefaulu, na angependa kujua kimetokea nini katikati. Nilitunga uongo mzuri, kwamba nimesoma mwongozo upya kwa makini. Nikavaa blauzi yangu ya hotelini. Shangazi nilimwomba abaki chumbani, akakubali kwa urahisi ambao ungenitia shaka kama ningekuwa na akili zangu timamu.

Dakika ya tatu alitokea na kiti chake, leso begani, bandeji usoni, akaketi kando yangu na kumsalimu yule mama wa Ulaya kwa Kiswahili, polepole na kwa sauti kubwa, kama anayesema na mtu aliye ng'ambo ya maji. Msimamizi alishtuka. Akaniuliza kwa Kiingereza huyo ni nani, na je, ameumia.

"Asemaje?" shangazi aliuliza.

"Auliza wewe ni nani."

"Na hukumwambia? Muda wote huu nafanya kazi, hukumwambia? Mwambie."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba mimi sijapata kumwona ndovu wa damu na nyama maishani mwangu, kwamba alama za wiki ya kwanza zilikuwa zangu na hazifai, na kwamba hizi za pili ni za huyu mama, ambaye ameishi nao ua kwa ua miaka mingi. Nilipomaliza, jasho lilikuwa limeshaiharibu blauzi. Msimamizi aliweka kalamu chini. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: je, shangazi anawapenda ndovu?

Nikatafsiri.

"Hata chembe," shangazi alisema. "Mwambie wakifa wote leo, mimi kesho nitapanda muhogo na kulala fofofo. Ila kumchukia mtu si kutomjua."

Nilimwambia msimamizi kwamba shangazi ana hisia zilizochanganyika.

Yule mama alitabasamu kidogo, nadhani alihisi kwamba jibu la Kiswahili lilikuwa refu kuliko langu. Kisha akasema kuna video moja imemsumbua, na angependa shangazi aione. Ilikuwa ya ndovu majike wawili, mkubwa na mdogo, kwenye kizimba cha mviringo chenye kila kitu: udongo, kivuli, hodhi la maji, mti wa kujikunia. Watazamaji wengine wote walikipa tano, hasa kwenye swali la wenzake. Shangazi alisogeza kiti mbele, akatazama.

"Yule mdogo hanywi maji," alisema.

Nikatazama tena. Kweli. Kila mdogo alipolikaribia hodhi, mkubwa aligeuza kichwa kidogo, sikio likapepea, basi. Hakumsukuma, hakumkimbiza. Mdogo alirudi nyuma, akazunguka ukuta, akatokea upande ule ule. Kizimba kilikuwa mviringo, hakina kona. Popote alipokwenda, mwenzake alimwona.

"Mwambie hivi," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nimekaa uke wenza miaka kumi na minane. Nyumba moja, jiko moja, mlango mmoja. Mwenzangu hakunipiga wala hakunitukana. Alikuwa akigeuza shingo tu. Nikienda kuteka maji, anageuza shingo. Nikipika, anageuza shingo. Mwulize huyo mama, yule mdogo akichoka kutazamwa, anakwenda wapi?"

Hiyo niliitafsiri yote, sikupunguza neno. Msimamizi aliinamisha kichwa, tukasikia kalamu yake ikiandika. Akaomba nirudie ile ya mlango mmoja.

Tulipofunga laptopu, nilimtengenezea shangazi chai nikamuuliza aliondokaje kwenye nyumba ile. Nilijua mume wake marehemu alikuwa na wake wawili, lakini nilidhani kule msituni alihamia kwa sababu lilikuwa fungu lake la urithi. Alinywa nusu kikombe kabla ya kujibu.

"Fungu gani? Niliomba. Wazee walikuwa wakigawa mashamba, nikataka la mwisho kabisa, lile ambalo kila mtu alilikataa kwa ajili ya ndovu. Wakasema nimerukwa na akili. Mimi nikaona heri ndovu. Akikuchukia, anakuja mbele."

Kazi sikufukuzwa. Nilipata barua ya onyo yenye upole mwingi, nikaisoma mara tatu nikitafuta onyo lenyewe liko wapi. Fomu ikabadilishwa, ikaongezwa maswali mawili: kama mnyama mnyonge ana mahali pa kujificha asionekane na wenzake, na kama wanyama wana vitu vya kuwashughulisha. Hilo la pili shangazi alilidharau. "Anaogopa nini kuandika kuvunja?" Hata hivyo aliniamuru nimwambie asante.

Siku chache baadaye, baada ya adhuhuri, mlango ulibishwa hodi. Alikuwa yule mke mwenza. Nilimtambua kutoka kwenye arobaini ya mumewe, ambako yeye na shangazi walikaa pande mbili za jamvi wakapeana mkono bila kutazamana. Ni mama mnene, wa taratibu, anayenukia asumini. Alikuwa amepata habari za jicho, akaja kutoka Waa na kapu la madafu kumwona mgonjwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, na huku nikimkaribisha nilijikuta naitazama shingo yake. Wallahi, ilikuwa ikigeuka.

Walisalimiana kwa ukamilifu. Hali, watoto, wajukuu, mvua, muhogo. Kisha maneno yakawaisha wote wawili kwa wakati mmoja, nami nikafanya jambo la kipumbavu: nikafungua kazi. Nilidhani ndovu watasaidia. Video iliyokuwa zamu yake ilikuwa ya wale wale majike wawili, siku nyingine, hodhi lile lile.

Mke mwenza alitazama. Akaelezwa na shangazi, kwa ufupi, kwamba hii ni kazi na si mchezo. Akatazama tena.

"Huyu mdogo ana kiherehere," alisema. "Kwa nini aende wakati mwenzake anakunywa? Kwani hawezi kungoja?"

Nikaweka mikono kwenye laptopu nikajifanya naandika.

"Angoje hadi lini?" shangazi aliuliza.

"Hadi aitwe."

"Na asipoitwa?"

Kwenye kioo, mkubwa alipepea sikio, mdogo akarudi nyuma. Mke mwenza alijifuta uso kwa ncha ya buibui.

"Pengine huyu mkubwa hakujua kwamba mwenzake ana kiu," alisema.

"Pamoja na masikio yote yale?"

Nilingoja vita. Badala yake nikasikia kiti kikilia, nikageuka, nikaona mabega ya mke mwenza yanatikisika. Alikuwa akicheka, kimya kimya, huku machozi yamemjaa, na sikuweza kujua yalikuwa ya kicheko au ya nini. Shangazi alijikaza, maana daktari alimwonya asicheke sana, kisha naye akashindwa, akashika bandeji kwa mkono mmoja na goti la mwenzake kwa mkono wa pili.

"Wangejenga mahodhi mawili," mke mwenza alisema alipopata pumzi. "Shida iko wapi? Wana pesa."

"Hilo ndilo," shangazi alisema. "Andika hilo."

Nikaliandika. Walibishana juu ya alama: mgeni alitaka nne, kwa sababu kivuli kilikuwa kizuri na mkubwa naye ana haki zake; mwenyeji alikataa kwenda zaidi ya mbili. Wakapelekana hadi alasiri, wakaswali pamoja, wakarudi kubishana. Nikatuma mbili, kwa kuwa shangazi ndiye aliyekuwa akilala kitandani kwangu. Yule mama alipoaga, shangazi alimsindikiza hadi stendi kwenye jua, kinyume cha masharti yote ya daktari, na alikaa huko muda mrefu hadi nikavaa viatu kumfuata. Niliwakuta wamesimama chini ya mwavuli mmoja, magari yanapita, wanaongea juu ya jirani mmoja wa zamani na jinsi alivyokuwa akiiba kuku.

Jicho la pili lilipasuliwa bila matatizo. Shangazi alirudi shambani kwake akiwa anaona hadi mbali, jambo ambalo halikumfurahisha sana, maana siku ya kwanza tu aliona ndovu wamefanya nini alipokuwa hayupo. Alinipigia simu akawataja kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mradi uliisha baada ya miezi michache. Tulitumiwa ripoti ndefu yenye picha. Niliitafuta shukrani ya shangazi nikaipata chini kabisa, kwa herufi ndogo, mshauri mmoja kutoka pwani ya Kenya. Nilimsomea kwa simu. Akauliza kama mke mwenza naye ametajwa. Nikamwambia hapana. Akasema basi ni sawa.

Sasa nimepewa kazi nyingine, ya kutazama ngazi za majengo na kusema kama wazee wanaweza kuzipanda. Shangazi ameshaniuliza vipandio vina urefu gani, na kama pana mahali pa kushika.